Ngombe ya Daktari

Jeep ilipotoka Masisi kwenda Goma, Daphrose alikaa nyuma ya mume wake Kagabo, bidoni ya maziwa ya kumpelekea daktari magotini, akafunga macho. Kagabo alidhani amelala, akaanza kuongea na mama muuza maharagi aliyekaa kando yake, mtu wasiyejuana naye.

"Papa, kila shimo unakaza meno!"

"Ni mugongo, mama. Mwaka jana walinitiamo vyuma kule Goma. Mpaka leo muguu hii hainisikii. Siku zingine..." Akashusha sauti, lakini barabara ile hairuhusu minong'ono. "Siku zingine mukojo inatoka yenyewe."

Nyumbani, kitanda kikilowa, aliita jasho. Daphrose, aliyefua mashuka hayo, alikubali kuwa ni jasho.

"Umwambie daktari! Wapige radio, ile picha ya mifupa, waone kama vyuma vilisogea."

"Namna gani? Kisha kupona nilimupatia ngombe ya shukrani, mbele ya familia yote. Juzi ametuma habari, ngombe imezaa. Mutu ulimupa ngombe, unarudi kumwambia kazi yake haikufaa?"

"Basi ubaki kilema juu ya heshima ya ngombe?"

Kagabo akaangalia dirishani, ingawa pale hapakuwa na kitu ila vumbi.

Jeep ikasimama mbele ya hospitali. Kagabo akauinua mguu kwa mikono miwili, akaushusha chini kama mzigo wa mtu mwingine, kisha akagusa bega la mkewe.

"Amka, Mama Christa. Daktari akiuliza, utasema niko muzima."

Daphrose akafungua macho, bidoni ya daktari kifuani.

"Sikulala," akasema.