Mwalimu Kidole na Maneno Yasiyokuwemo Kitabuni

Wasikilizaji wapendwa, leo nimewaletea habari nzito. Mnivumilie. Mwalimu Kidole hayupo tena. Narudia kwa wale mliofungua redio sasa hivi: Mwalimu Kidole, yule mwalimu wa darasa la kwanza, amefariki dunia. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka hamsini na minne.

Hakuwa mgonjwa. Hilo ndilo linalotuchanganya. Jumanne saa nne asubuhi alikunywa chai na wenzake katika ofisi ya walimu. Akamtania mwalimu wa hesabu kwamba mtu anayejua kuhesabu asingekosea vifungo vya shati lake mwenyewe. Wakacheka. Akarudi darasani, akaandika neno ubaoni, akageuka kuwatazama watoto. Kisha akashika ukingo wa meza na kukaa sakafuni taratibu, kama mtu anayetafuta chaki iliyoanguka.

Mtoto wa kike wa dawati la mbele ndiye aliyekwenda kumwita mwalimu wa darasa la pili. Alisema, "Mwalimu amekaa chini na hasemi." Saa sita mchana, hospitalini, daktari alitoka kuzungumza na familia. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani. Saa mbili tu, wasikilizaji. Kutoka kikombe cha chai hadi habari ile, saa mbili.

Jana nilifika nyumbani kwao. Mumewe ni fundi cherehani. Nilimkuta ameketi mbele ya cherehani yake, suruali ya mteja ikiwa imepindwa mguu mmoja tu. Aliniambia, "Asubuhi alinikumbusha ninunue sabuni. Nimenunua. Ile pale." Akanionyesha. Nikasema nimeiona.

Na mama mkwe wa marehemu, ambaye ana miaka themanini na mitatu, alinishika mkono. Akasema, "Mimi nilikunywa sumu nikabaki. Mwanangu kanywa chai tu, kaondoka. Nieleze wewe uliyesoma."

Sikuweza kumweleza. Ila habari ya hiyo sumu naweza kuwasimulia, maana ndiyo iliyomfanya Mwalimu Kidole kuwa Mwalimu Kidole.

Alizaliwa katika nyumba ya mwashi na mfua nguo, mtoto wa tatu kati ya watano. Alipomaliza chuo cha ualimu alipewa darasa la kwanza, na hakulitoa tena mkononi. Miaka kumi na moja ya mwanzo alisifiwa kila kona. Wageni walipokuja shuleni, mwalimu mkuu aliwapeleka moja kwa moja kwake. Watoto zaidi ya arobaini walifungua kitabu, wakasoma ukurasa mzima kwa sauti moja, bila kukwama, utadhani kwaya. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba hajaona darasa la kwanza linalosoma hivyo. Barua hiyo ilitundikwa ukutani.

Mwaka huo wa kumi na moja, binti yake mdogo alikuwa darasani kwake. Alikuwa na miaka saba. Ndiye aliyesoma vizuri kuliko wote.

Siku moja mchana bibi, yaani huyo mama mkwe, alikuwa na kikohozi. Mwalimu alikuwa kwenye kikao cha walimu, na baba alikwenda kupeleka nguo za mteja. Nyumbani walibaki bibi na mjukuu. Bibi macho yake hayakuona maandishi madogo. Akamwambia mjukuu, "Nenda kaniletee dawa ya kikohozi. Wewe si unasoma? Angalia karatasi iliyobandikwa."

Kabatini kulikuwa na chupa mbili za kahawia, kimo kimoja. Moja ilikuwa ya kikohozi. Nyingine ilikuwa dawa ya kuchua misuli, na imeandikwa waziwazi: YA KUPAKA. USINYWE. Mtoto alizitazama zote mbili. Akachukua moja. Bibi akanywa vijiko viwili.

Alilazwa siku nne. Koo liliungua, akapona. Lakini jioni ya siku ile ya kwanza, mama mtu alimketisha mwanawe, akaweka chupa mezani. Akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, si imeandikwa hapa? Hukusoma?"

Mtoto akajibu, "Mama, mimi najua kusoma kile kitabu chetu. Hii chupa hatujafundishwa."

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni tena. "Hii chupa hatujafundishwa."

Mama akachukua kitabu cha darasani. Akafungua ukurasa wa kumi na mbili, wenye picha ya ng'ombe. Mtoto akausoma wote, hata alipoangalia dirishani. Mama akaweka kidole katikati ya ukurasa, kwenye neno moja. "Hili ni neno gani?" Mtoto hakulijua. Akaanza kusoma kutoka juu, kimya kimya, midomo ikichezacheza, mpaka alipofika pale. Ndipo akasema, "Maziwa."

Hakuwa akisoma. Alikuwa amekariri.

Mumewe anakumbuka. Alisema, "Alikaa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Hakugusa chakula. Akaniambia, baba watoto, kama huyu wangu mwenyewe hajui, wale wengine je?"

Kesho yake aliandika ubaoni maneno matatu mepesi ambayo hayakuwemo kitabuni: kuni, tope, pasi. Akamwita mtoto mmoja mmoja. Watoto arobaini na watatu. Waliosoma ni watano. Akafuta ubao. Kisha akaenda kwa mwalimu mkuu.

"Watoto wangu hawajui kusoma," akasema.

"Usinitanie, mwalimu. Na barua ya mkaguzi?"

"Nimeshaiteremsha ukutani."

Akaanza upya. Na hapa nataka wazazi msikilize. Wiki za kwanza hakugusa kitabu. Alifundisha masikio. Watoto walipiga makofi kwa kila kipande cha neno: me-za, ki-be-ri-ti. Aliuliza, "Mama na moto, yanaanza na sauti gani?" Watoto wakafumba midomo na kuvuma, mmm. Baadaye ndipo akawaonyesha herufi, na akawaambia, hii ndiyo picha ya sauti ile. Kisha wakaunganisha: ma, me, mi. Kisha ma na ma, ikawa mama. Na kila neno lilifuatwa kwa kidole, chini yake, taratibu, ili jicho lisiruke. Hapo ndipo lilipotoka jina Mwalimu Kidole.

Mtoto akishasoma sentensi, alifunika kitabu. "Umesoma vizuri. Sasa niambie umesoma nini." Mtoto asipoweza, walirudi. Alisema kusoma bila kuelewa ni kubeba ndoo iliyotoboka. Na aliwaacha watoto waongee. Wasimulie walichokiona njiani, waulizane, wabishane. Darasa lake lilikuwa na kelele, na walimu wa jirani walilalamika. Aliwajibu kwamba mtoto hawezi kulielewa kwenye karatasi neno ambalo hajawahi kulisikia wala kulitamka.

Wazazi nao walimjia juu. Mmoja alimwambia, "Mwezi wa tatu huu, wa mwenzangu anamaliza kitabu, wangu anapiga makofi. Nimemleta shule au harusini?" Mwalimu hakukasirika. Alimpa mtoto kipande cha gazeti lililofungiwa sabuni. Mtoto akaweka kidole, akasoma maneno manne, polepole, akitokwa jasho puani. Mzazi yule akakunja gazeti, akalitia mfukoni, akaenda zake.

Binti aliyeleta ile chupa sasa ana miaka ishirini na minane. Anauza mbao. Aliniambia, "Niliogopa chupa miaka mingi. Mama hakunilaumu hata siku moja. Alisema kosa ni lake, mimi nilikuwa mwanafunzi wake bora." Kisha akaongeza, "Jumatatu alinipigia simu, nikamwambia niko na mteja, nitakupigia. Sikumpigia."

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha Mwalimu usingizi zaidi. Wale wa zamani. Miaka kumi na moja ya watoto waliotoka mikononi mwake wakisifiwa. Alichukua daftari, akaandika majina yote aliyoyakumbuka na aliyoyapata kwenye kumbukumbu za shule. Mia nne na sitini na moja. Akaanza kuwatafuta, mmoja mmoja, wikiendi na likizo. Wengi walikuwa wamejifunza wenyewe njiani. Wengine hawakuwahi.

Mmoja ni msusi. Mwalimu alimkuta saluni, akiwa na miaka kumi na tisa. Msusi huyo alinisimulia hivi: "Mteja akinionyesha maandishi nilisema nimesahau miwani. Na sina miwani. Mwalimu akakaa kwenye kiti, nikadhani anataka kusukwa. Akasema, nimekuja kukuomba radhi. Nikamwambia, mwalimu, mimi nina kichwa kigumu tu. Akasema, kichwa chako kizima, mimi ndiye sikukufundisha."

Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka ishirini na moja, Mwalimu Kidole alifungua darasa lake kwa wanafunzi wake hao wa zamani. Msusi alijifunza humo. Baadaye akawa anamsaidia kufundisha.

Jumatatu, siku moja kabla ya kifo chake, Mwalimu alinipigia simu. Katika lile daftari yalibaki majina sitini na nane ya watu ambao hajawapata. Aliomba dakika tano za kipindi hiki. Nikamuuliza kwa nini asiweke tangazo gazetini. Akacheka. "Mwanangu, ninaowatafuta hawatalisoma. Lakini redio wanasikia." Tulikubaliana aje leo.

Basi wasikilizaji wapendwa, kwa mume wa marehemu, kwa mama yake mkwe, kwa binti yake, kwa walimu wenzake na watoto wa darasa la kwanza, tunatoa pole. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki, tujiulize. Mtoto anayetusomea tukampigia makofi, tumewahi kumpa maandishi ambayo hajawahi kuyaona? Na kama hawezi, tutamcheka, au tutakaa naye?

Dakika zilizobaki si zangu. Ni za Mwalimu.

Wewe uliyepita darasani kwake miaka ile ya mwanzo, na hadi leo maandishi yanakukimbia. Unanisikia ukiwa jikoni, au gereji, au unasukuma mkokoteni. Jina lako limeandikwa kwenye daftari. Kosa halikuwa lako. Msusi amechukua funguo, na binti wa marehemu amesema atakuwa naye. Darasa ni lile la mwisho, lenye mlango wa bluu. Unalijua, ulikaa humo. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Narudia: Jumamosi, saa tatu asubuhi.