Mnyama wa Mgongoni mwa Kijiko

Hebu niambie wewe: kijiko ambacho mama yako alikupikia nacho tangu hujaota meno, ukikikuta leo kwenye rundo la vijiko, utakitambua? Usijibu haraka. Sindano, fundi cherehani wa mtaa wetu, alijibu haraka, ndiyo maana asubuhi hiyo alikuja kijiweni macho mekundu, mkononi kashika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Kijiwe chetu ni benchi refu lenye mguu mmoja mbovu, kati ya duka langu la vitabu vya shule na kibanda cha Lehemu, anayeziba masufuria na kuunga vyuma. Wengine ni Kamusi, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kusema "sijui" tangu astaafu, wala kabla ya hapo. Na Balozi, kinyozi ambaye shemeji yake aliwahi kupanda ndege. Muuza kahawa anatujua vizuri, kwa hiyo akishamimina anakwenda kukaa mbali.

Sindano akafungua kitambaa.

— Nimeachiwa na mama. Mama naye aliachiwa na bibi, mama yake baba. Sasa shangazi kakiona juzi, kasema si chenyewe. Eti cha bibi nimekiuza, nikaweka hiki. Leo anakuja kukiangalia tena, na akitoka hapa ukoo mzima utaambiwa mimi mwizi. Nisaidieni jamani. Kimetengenezwa na nani, na kina umri gani?

— Umefika penyewe, alisema Kamusi, akivaa miwani juu ya miwani.

— Ninachokumbuka ni kwamba mgongoni kulikuwa na mnyama. Mnyama gani, ndiyo sijui.

Kweli, nyuma ya mpini palikuwa na alama iliyogongwa, ndogo kama punje ya mahindi. Kamusi akaisogeza mpaka puani.

— Simba.

— Wapi?

— Huyu hapa, kainua mguu. Vitu vya simba vilitoka karakana za wafalme. Miaka mia mbili hii, binti yangu, nisikudanganye.

— Simba gani ana mdomo wa birika? Balozi akakinyakua. Hii meli, mwalimu. Tanga si hili? Shemeji yangu kule ng'ambo aliviona vijiko hivi kwenye kabati la kioo, vinalindwa na askari.

— Askari analinda kijiko?

— Wawili. Mmoja analinda kijiko, wa pili anamlinda yule wa kwanza asikiibe.

— Lakini Sindano kasema mnyama.

— Basi mnyama yumo ndani ya meli.

Nilimgeukia Lehemu, aliyekuwa mwisho wa benchi akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Wewe si ndiye mtu wa vyuma? Mbona hata hukishiki?

— Mimi mtu wa masufuria, dada. Kitu cha heshima kama hicho hakitaki mikono ya masizi.

— Kadiria basi umri.

— Mia mbili mnakionea. Weka mia nne.

Hata Kamusi alishtuka.

— Mia nne?

— Ongeza ukitaka. Aliyekitengeneza alishakufa zamani sana, hana mtoto, hana mjukuu wa kuulizwa. Tumwombee tu.

— Mia nne, alirudia Sindano polepole, kama mtu anayekariri kwa ajili ya mtihani.

Balozi hapendi kupitwa.

— Mnajua kuna vyuma vinaanguka kutoka angani?

— Vikiwa vijiko tayari?

— Bakuli lilianguka kwanza. Mpini ukafuata.

— Hilo nalo linawezekana, alisema Lehemu.

Hapo nilishangaa. Tangu niwafahamu hawa wawili, Lehemu hajawahi kukubaliana na Balozi, hata kuhusu mvua wakati inawanyeshea wote.

Shangazi akatokea, mkoba kwapani.

— Shikamoo shangazi, alisema Sindano, akisimama.

— Marahaba. Kiko wapi?

Kamusi hakumpa nafasi. Alisimama akamweleza yote: karakana ya mfalme, simba, meli, miaka mia nne, na chuma cha mbinguni, ambacho sasa kilikuwa wazo lake. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya mtu aliyelea watoto wengi. Kisha akachukua kijiko. Mgongoni hakutazama. Alipitisha kidole gumba kwenye ncha.

— Mama yangu alikwangulia ukoko wa sufuria kwa kijiko chake mpaka akazeeka. Wifi yangu akapokea, naye akakwangua. Kililika upande mmoja kama soli ya mtu anayechechemea. Sasa hiki mbona hakijalika?

Tukainama wote kuangalia. Ncha ilikuwa mviringo, nzima, kama haijawahi kukutana na sufuria. Tulikuwa tumehangaika na mnyama asubuhi nzima, na hakuna hata mmoja aliyeangalia mdomo. Kamusi alivua miwani moja. Balozi akachungulia kikombe chake, labda jibu lilikuwa limezama huko.

— Vitu vya wafalme haviliki, Kamusi akajaribu.

— Kwa mama yangu kililika.

Shangazi akaanza kukifunga kwenye kitambaa, taratibu.

— Mwanangu, kama ulikuwa na shida ungesema. Sisi ni nani kwako? Kwenda kuuza mkono wa bibi yako!

— Shangazi, haki ya Mungu, sijauza!

— Utayasema hayo mbele ya wazee.

Sindano alilia bila sauti, akijifuta na futi kamba aliyokuwa ameivaa shingoni. Shangazi alikuwa ameshageuka kuondoka.

— Mama, subiri.

Lehemu alisimama ghafla, benchi likainama, Balozi akateleza mpaka chini na kahawa yake.

— Binti hajauza kitu. Marehemu mama yake aliniletea kijiko mpini umelegea. Nikakiweka motoni, nikaja hapa mara moja kupata kahawa. Kamusi akasema mbuni anaweza kuruka, akikasirishwa vya kutosha.

— Anaweza, alisema Kamusi.

— Ningemwachaje? Nikakaa kubisha. Na ile ni fedha, mama, si chuma cha jembe. Moto ukizidi inakimbia kama maji. Nimerudi kibandani, nakuta tone.

— Na hiki? shangazi aliuliza.

— Nimekikata kwenye sinia bovu nikakifua. Marehemu alikipima mkononi, akaniangalia usoni muda mrefu. Akasema, "Asante, fundi." Akakifunga kwenye kitambaa hichohicho. Nadhani hakukorogea nacho tena.

Shangazi alirudi akaketi kwenye benchi, upande usio na mguu mbovu. Akamvuta Sindano kwapani, kijiko kikiwa katikati yao. Tungemaliza hapo kwa heshima, kama Kamusi angekuwa mtu wa kumaliza.

— Lakini simba, fundi. Simba huyu ni wa karakana gani?

Lehemu alitazama vidole vyake vyeusi.

— Si simba, mwalimu. Kile cha zamani kilikuwa na ndege. Huyo nimemchora mimi kwa kugonga msumari, ukateleza.