Mbwa wa Baba Nella Yuko Njiani

Jumamosi asubuhi, kwenye benchi la chuma lililo nje ya duka la kufulia nguo pale Granville, Sydney, mgeni hapati pa kukaa. Mashine zinaunguruma nyuma ya kioo, treni zinapita, na wale waliotoka shifti ya usiku wanakuja kunywa kahawa ya iliki ambayo Chibalonza huinunua kwa Walebanoni wa mtaa wa pili, na kuichemsha kwake na tangawizi mpaka ichome koo. Wenyewe wanaliita Bungeni, kwa kuwa kelele ni nyingi na hakuna kinachopitishwa. Jumamosi hiyo Masumbuko, baba yake Nella, alifika wa kwanza, akakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Kulikuwa na gari linamletea mbwa. Na mbwa ndiye kiumbe aliyemwogopa kuliko vyote alivyowahi kuviona, na aliviona vingi.

— Anatoka wapi huyo mbwa? akauliza Kamande. Yeye ni Mkenya, anaendesha foklifti kwenye ghala moja la Smithfield, na jina lake pale ni Foklifti, kwa sababu neno lolote unaloliweka chini yeye analinyanyua.

— Queensland. Ndani kabisa, karibu na jangwa.

— Queensland! Manze, hapa Sydney kwenyewe mbwa wamejaa kwa vizimba, wanadungwa sindano ya kufa wakikosa mtu. Wewe unaruka hao wote unaenda kuchukua wa huko? Hiyo si huruma, buda. Hiyo ni kuagiza.

— Wacha mtu apumue, Foklifti. Shika kahawa yako, alisema Chibalonza. Yeye ni wa Bukavu, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na pale anaitwa Spika, maana ndiye mshika chupa ya kahawa, na asiyemiminiwa hana la kusema.

— Sijamaliza, Spika. Wale watu wa mtandaoni wanaweka picha ya mbwa ana macho ya machozi, wanaandika, huyu atauawa Ijumaa. Wiki ijayo, mbwa mwingine, Ijumaa tena. Hiyo Ijumaa yao haiishi. Na wa hapa karibu hapigwi picha, kwa sababu ukimtaka unaweza kwenda kumwona na uone ana kasoro gani. Wa mbali anapendwa kwa sababu hujamwona.

— Nella ndiye aliyeona picha, alisema Masumbuko. Alilia siku mbili.

— Na weye ukafanya nini? Chibalonza akauliza.

— Nikapiga simu.

Na kisa chenyewe kilianzia hapo. Mama aliyeipokea, wa kikundi cha kuokoa mbwa, alikuwa na sauti ya upole na maswali mengi. Umewahi kufuga mbwa? Na Masumbuko, mtu mzima mwenye mtoto wa miaka tisa, alipolisikia swali lile mgongo ulimnyooka wenyewe. Katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kabla ya mahojiano ya kuja Australia, watu walifundishana usiku kucha: usiseme hapana, usiseme sijui, jibu la jana liwe ndilo la leo. Jirani yake mmoja alijibu sijui mara mbili, akabaki kule kule. Kwa hiyo Masumbuko akajibu ndiyo. Amewahi kufuga? Ndiyo, tangu utoto. Mbwa akinguruma? Anajua kumtuliza. Mbwa aliyepigwa, asiyeamini watu? Hao ndio aliowazoea. Mama wa watu akafurahi mpaka sauti ikabadilika. Akasema, basi tunaye mmoja ambaye kila mtu ameshindwa naye. Anaitwa Banjo.

Uongo wenyewe ulikuwa mwepesi hivyo. Masumbuko hajawahi kumgusa mbwa hata mmoja. Mbwa aliowajua ni wale wa vijiji vilivyobaki bila watu, mwaka aliokimbia Burundi akiwa mtoto, na walichokuwa wakila hakukisema kwa mtu yeyote, hata kwa mkewe Dévote.

— Ndugu yangu, alisema Salvator, ambaye ni Mrundi mwenzake na jina lake ni Redio, sikutaka kusema, lakini nitasema. Mbwa wa kule hajawahi kumwona mtu mweusi.

— Kule wapo watu weusi kabla hata ya mzungu kufika, Kamande akamkata. Wenye nchi yao.

— Nisikilize basi! Wa kule wanazaa na dingo, mbwa mwitu wa nchi hii. Dingo habweki, ndugu yangu. Mbwa anayebweka unajua yuko wapi. Huyu utalala, na yeye atakuwa amesimama tu hapo mlangoni, kimya, anakuangalia.

Masumbuko akakiweka kikombe chini, bado kimejaa.

— Halafu, Salvator akaendelea, kuna mtu wa Penrith nilifanya naye kazi. Walileta mbwa wa mbali hivyo hivyo. Alikaa miezi mitatu, mpole kabisa. Siku moja wakamkuta kwenye kitanda cha mtoto.

— Akimfanya nini? Masumbuko sauti ikamtoka juu.

— Hakumfanya kitu. Amelala naye tu. Lakini alikuwa amemgeuza mtoto kichwa upande wa kaskazini. Alikotoka mbwa.

— Redio, zima! alisema Chibalonza. Mtu ana mtoto nyumbani, unamwambia mambo ya bure. Miye nauliza kitu kimoja. Wakati wanatuchukua kule kambini, hapa Australia haikukuwa na maskini? Haikukuwa na watu wanalala inje? Kama mtu angesema anzeni na wa karibu, miye hadi leo ningekuwa kwenye foleni ya maharage. Franchement, kusema kweli.

Kamande akasimama.

— Usinilinganishe na mbwa.

— Weye ulikuja na viza ya masomo. Hakuna mtu anakulinganisha na kitu.

Benchi lote likacheka, hata mama mmoja wa Kivietinamu aliyekuwa akikunja mashuka pale mlangoni akatabasamu bila kuelewa. Masumbuko hakucheka. Aliwaza jambo lingine: kwamba huko Queensland kulikuwa labda na mtu wa kweli, mwenye ua mkubwa na mkono uliozoea, aliyejibu kwa ukweli kwamba ana mashaka kidogo, akanyimwa. Na hapa Sydney kulikuwa na mbwa mpole, anayemfaa mtoto, ambaye nafasi yake ilikuwa imeshapewa huyu.

— Baba Nella, mbona hunywi? akauliza Chibalonza polepole.

— Kahawa ni kali.

— Hujaionja.

Gari dogo jeupe likaingia pale pa kupakulia mizigo. Akashuka dada mmoja mrefu, amevaa sare za hospitali na koti juu yake, akawatazama, akasikia wanavyoongea, uso ukamfunguka.

— Kumbe ni Kiswahili! Basi nimefika nyumbani. Naitwa Chebet. Lori linatoka kule Queensland usiku, linawashusha Penrith, halafu sisi wa kujitolea tunagawana. Kusema kweli huyu mbwa wenu amenitesa. Hajakubali hata nimwekee maji. Dereva wa lori ameng'atwa naye, ana bandeji mpaka hapa.

Akaonyesha karibu na kiwiko.

— Nilitaka kumkataa, mimi nimezoea wagonjwa, sijazoea hawa. Lakini wakaniambia usijali, mzee wa Granville amekulia na mbwa, huyo ndiye peke yake anayemweza. Haya, mzoefu wa mbwa ni yupi kati yenu?

Kamande akamwangalia Salvator. Salvator akaangalia kikombe. Chibalonza hakuangalia mtu, na kwa hivyo Masumbuko akajua kwamba ameshaelewa.

Alisogea mpaka nyuma ya gari, kwa sababu miguu ilikataa kurudi nyuma mbele ya watu. Ndani ya kizimba kulikuwa na mbwa wa rangi ya kutu, amejibana kwenye kona ya mwisho kabisa, amejikojolea. Hakubweka. Alikuwa ameinua mdomo, meno yote nje, na mwili mzima unatetemeka mpaka chuma cha kizimba kinalia. Masumbuko alimtazama mara moja akageuza uso.

— Hakuna, alisema.

— Hakuna nini, mzee?

— Hakuna mzoefu hapa. Ni mimi niliyepiga simu. Nilidanganya. Sijawahi kumshika mbwa. Nawaogopa.

Alitegemea atukanwe. Angependa atukanwe. Chebet alimwangalia tu jinsi wauguzi wanavyomwangalia mtu aliyesema ameacha dawa.

— Una mtoto nyumbani?

— Ninaye. Wa miaka tisa.

Chebet akauondoa mkono wake kwenye komeo la kizimba.

— Basi simfungui.

Masumbuko alijiona kama mtu aliyetuliwa gunia, na papo hapo akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Hata Redio alishusha pumzi kwa sauti.

— Umefanya vizuri kusema, Chibalonza alimwambia.

— Amefanya vizuri, Kamande naye akasema. Mambo imeisha.

— Imeisha vipi? Chebet akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli.

— Lori limesharudi. Mimi nakaa flati, na saa sita naingia kazini. Kule alikotoka hawampokei, walishampangia siku ya sindano. Hapa vizimba vimejaa, na aliyeng'ata mtu hapewi hata muda wa kutazamwa. Sasa nyinyi niambieni. Nimpeleke wapi?

Foklifti, aliyekuwa na jibu la vizimba vya Sydney tangu asubuhi, akaanza kukusanya vikombe. Redio akamsaidia. Chibalonza aliiinamisha chupa juu ya kikombe cha mgeni, likatoka tone moja na makapi. Kizimba kiliendelea kulia ndani ya gari, chuma kwa chuma, taratibu, bila kukoma.

— Dad! Dad, is that him?

Nella alikuwa ng'ambo ya barabara, anauliza kwa Kiingereza kama ndiye huyo, anaruka ruka pembeni ya mama yake, mmoja anavuta na mwingine anazuia, wanasubiri taa iwaruhusu kuvuka. Masumbuko aliinua mkono, asijue kama anamwita au anamkataza.