Miaka Mitatu kwa Kazi ya Kuanza

Benchi yetu iko mtaa wa Ruashi, kati ya thermos ya kahawa ya Mama Annie na mlango wa secrétariat ya Fils, pale watu wanapokuja kuchapisha barua na kutoa kopi. Fils tunamwita Antenne, kwa sababu hakuna habari inayompita. Mzee Katongo, aliyestaafu kwenye reli, ni Ministre, yaani waziri, kwa kuwa ana jibu la kila kitu. Mimi kazi yangu ni kunywa kahawa na kukasirika. Jumatatu moja Syntiche, binti wa jirani, alikaa nasi na simu mkononi. Ana cheti cha mwanzo cha mitandao ya kompyuta, amekitia plastiki kama kadi ya mpiga kura. Alhamisi anahojiwa kwenye kampuni moja ya mjini. Mara mbili mwaka huu amehojiwa kwingine, na mara mbili amerudi bure.

— Soma tena, akasema Antenne.

— «Tunatafuta muntu wa kuanza kazi. Expérience: miaka tatu.»

— Muntu wa kuanza, na miaka tatu? Alianzia mu tumbo ya mama yake?

— Kazi iko na mwenyewe tayari, nikasema. Banaandika vile juu weye uchoke.

Ministre akatikisa kichwa.

— Hapana. Ni machine. Machine inajua mukono. Kule ku reli, locomotive ilikuwa inakatala kuwaka kama dereva iko mupya. Ordinateur, ile kompyuta, nayo njo vile.

— Papa Katongo, ordinateur haijue mukono, akasema Antenne.

— Weye ulishaiuliza?

Syntiche hakucheka. Alitueleza kilichomwangusha mara ya pili. Walimpa koleo na kamba ya mtandao, wakamwambia afunge kichwa cha plastiki kwenye ncha. Cheti alikipata kwa mazoezi ya kwenye skrini. Kamba yenyewe hakuwahi kuishika. Akapanga nyaya vibaya mbele ya watu watatu. Baada ya hapo alinunua koleo kuukuu sokoni, na anakata na kufunga nyumbani mpaka vidole vinauma.

— Sasa minajua, akasema. Lakini bataniuliza: ulifanyia nani? Na mi sina muntu.

Ministre akashusha sauti. Yeye ni katibu wa kwaya ya parokia, na muhuri analala nao nyumbani.

— Tukuandikie attestation, barua ya kusema ulifanya kazi miaka tatu. Napiga cachet ya chorale.

— Ya chorale, kwa kazi ya ordinateur? akauliza Antenne.

— Cachet ni cachet. Iko ya muviringo, iko na wino ya bleu. Patron atatafuta nini tena?

— Atatafuta kujua niliimba sauti gani, akasema Syntiche. Aksanti, papa. Mi sitaingia na uongo. Nitaingia na mikono yangu.

Antenne akawaka.

— Aba mapatron njo banaharibu batoto! Banabanyima mahali pa kuanzia, kisha banabauliza balianzia wapi.

Tulikubali sote. Mimi hata nilijipiga kofi gotini.

Hapo akafika Albertine, mwalimu, na flash ya kazi za kuchapisha mkononi.

— Ya Fils, kaka yangu, connexion ya internet ilisharudia?

— Bado, tangu vendredi, siku tatu sasa. Nangoja Kapya, fundi wa mjini, atoke mu ville.

Albertine akamwangalia Syntiche, koleo likichungulia kwenye mkoba wake.

— Uyu si njo alisomea ile kazi?

— Njo ye.

— Sasa, juu ya nini haukumuite?

Antenne akajibu:

— Niliona hana expérience.

Mimi niliona haya kweli: juma lililopita nilipeleka mjini kompyuta ya binti yangu itengenezwe, nikipita nayo mbele ya mlango wa Syntiche.

Syntiche akaweka kikombe chini.

— Ya Fils, fungula mulango.

Alipiga magoti chini ya meza. Mguu wa mashine ya kopi ulikuwa umeibana kamba. Akakata kipande kilichobanwa, akapanga nyaya nane za ndani kwa rangi zake, akavika kichwa kipya kutoka mkobani, akakaza koleo. Tulikuwa wanne tunamwangalia, na hakukosea waya hata mmoja. Taa ya kijani ikawaka.

— Sasa niandikie attestation, akasema. Ya leo tu. Usiongeze hata siku.

Antenne aliandika, akapiga muhuri wake. Ministre akaisoma mara mbili.

— Siku moja ni kidogo, mwanangu.

— Njo maana muniletee mamachine yenu. Jeudi, siku ya kuniuliza, iko bado mbali.

Nilimaliza kahawa nikiwa nimesimama, nikaenda mjini kuichukua kompyuta ya binti yangu.