Benchi Lagawana Masomo ya Mdogo Wangu

Kataa ukitaka, tena kataa mapema kabla sijaanza: mimi, mziba pancha, niliyeacha shule kidato cha pili kwa hiari yangu na ya walimu, ndiye niliyetoa kauli ya mwisho kuhusu nani asome sayansi kwenye ile sekondari ya juu ya barabara. Najua huamini. Kaa hapo hapo na kutoamini kwako, nikupe habari yote.

Benchi letu liko pembeni ya karakana yangu, yaani pampu, beseni la maji na matairi mawili niliyokaa nayo mpaka yamekuwa ndugu. Ni mlango wa kabati uliolazwa juu ya matofali, na kitasa bado kipo, kwa hiyo anayechelewa ndiye anayekalia kitasa. Muuza kahawa huliweka birika lake mbele yetu na kurudi kulichukua likiisha. Sheria ni moja tu: anayeinuka kwanza ndiye anayesengenywa. Siku hiyo tulikuwa wanne. Injinia anatengeneza feni na friji. Daktari ana bucha. Waziri ni fundi cherehani, na suti zote anazovaa ni za wateja ambao hawajaja kuzichukua. Mimi wananiita Profesa, kwa kuwa nilimaliza masomo haraka kuliko wote.

Nikaweka jambo mbele yao. Mdogo wangu wa kike anaingia kidato cha tatu. Pale shuleni kuna fizikia, kemia na biolojia. Anayetaka zote tatu, mtu mzima wa nyumbani lazima aende akamwambie mwalimu kwa mdomo wake kwamba amekubali, maana kazi za maabara ni za jioni na binti hatakuwepo kupika wala kuchota maji. Mama yetu ni mpishi wa kambi ya wajenzi, yuko mbali. Mtu mzima wa nyumbani ni mimi, cheka ukipenda. Na mwisho ni leo. Asiyesemewa leo anapelekwa biashara.

— Sasa wakubwa, nikasema, nimkatie lipi, nimwachie lipi?

— Mwachie biolojia, akasema Daktari. Hayo mengine ni kelele.

— Wewe unaijua biolojia?

— Profesa, mimi kila alfajiri namfungua ng'ombe. Maini yako wapi, najua. Bandama iko wapi, najua. Kuna mwalimu anayeamka saa hizo?

— Ng'ombe si mtu, akasema Waziri.

— Umeshamwona mtu ndani? Mimi ng'ombe nimemwona. Nikikutazama wewe unavyokaa, najua figo yako ya kushoto imeinama.

Waziri akajiweka sawa, kisha akakumbuka yuko na nani.

— Na moyo, Daktari akaendelea, una vyumba vinne. Vitatu vinafanya kazi. Cha nne ni cha wageni. Ndiyo maana shemeji akikaa sana unasikia kubanwa kifua.

— Mpe fizikia mtoto, akasema Injinia, akijimiminia kahawa. Biolojia itampeleka kuuza utumbo.

— Utumbo umenijengea nyumba.

— Nyumba gani, ile isiyo na dirisha? Sikilizeni. Friji haitengenezi baridi.

Tukamcheka mpaka kitasa kikalia.

— Haitengenezi, nawaambia. Inatoa joto ndani na kulitupa nje. Kashike nyuma ya friji yoyote.

— Kwa hiyo wewe watu wanakulipa uwarudishie baridi ambayo haipo?

— Cheka tu, Waziri. Huu mtaa kwa nini una joto? Kule mlimani kila nyumba ina friji mbili. Lile joto linakwenda wapi? Linashuka. Linakuja hapa kukaa na sisi. Akisoma fizikia huyo binti atatuwekea geti pale chini, joto likifika linaulizwa linakwenda kwa nani.

Hapo hata mimi niliona jambo limekuwa zito. Waziri akakunjua mkono wa suti, ambayo ilikuwa ya bwana harusi mmoja wa wiki iliyopita.

— Mnapoteza mtoto wa watu, akasema. Kemia ndiyo shule. Nyeusi hii ukiifua mara nne inakuwa kijani. Nani ameiambia igeuke? Sabuni. Sabuni na rangi wana maneno yao, sisi hatuyasikii. Aliyesoma kemia anayasikia.

— Anasikia sabuni ikiongea?

— Anajua imesema nini, ndugu yangu. Mke wangu na mama yangu, mmoja mmoja ni watu wazuri sana. Uwaweke jiko moja, hewa inabadilika, hata maziwa yanakatika. Hiyo ni kemia tupu. Mwenye kuisoma atakuambia kabla ya kuoa.

— Ungeambiwa usingeoa?

— Ningejenga majiko mawili.

Ikawa zamu yangu, na mimi sikubali kushindwa uongo karibu na karakana yangu mwenyewe.

— Tatizo si lipi, nikasema. Tatizo ni tatu kwa pamoja. Kichwa kina ujazo, kama tairi. Ukilijaza upepo kupita kiasi linatoa tumbo pembeni. Kuna kijana namjua alichukua zote tatu. Leo akifika nyumbani anabisha hodi kwenye kabati.

— Yuko wapi huyo? akauliza Injinia.

— Bado yuko kabatini.

Tukakubaliana, kwa busara kabisa, kwamba masomo yapigiwe kura. Kila mmoja akapigia lake. Kura zikawa moja, moja, moja, na yangu nikaiweka akiba. Birika lilikuwa bado zito, kahawa haijaisha.

Hapo ndipo akaja mama mmoja amebeba feni iliyovunjika shingo, anamtafuta Injinia. Tukamsogezea nafasi, akakataa kitasa, akasimama. Akasikiliza kidogo mambo ya geti la joto na ya binti wa kusemewa leo shuleni. Kisha akauliza, taratibu tu kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

— Hiyo ofisi ya shule inafungwa saa ngapi?

Tukatazamana. Paa la shule tunaliona tukiwa tumekaa. Daktari anawapelekea nyama. Waziri amewashonea sare. Injinia aliingia mpaka maabara yao kutengeneza friji. Hakuna aliyejua.

— Inategemea, akasema Daktari.

— Na nini?

Daktari akajimiminia kahawa.

Nikainuka. Nilikuwa sijavuka barabara vizuri nikasikia Waziri anaanza: huyo naye, tangu alipoachwa na yule msichana wa vocha. Sikugeuka.

Nilimkuta mwalimu wa sayansi, mama mfupi mwenye koti jeupe lililoungua mfukoni, anatia funguo mlangoni mwa maabara. Nikamtajia mdogo wangu.

— Umekubali asome zote tatu? akaniuliza.

— Nimekubali.

— Jioni nani atapika?

— Mimi.

— Unajua kupika?

— Mwalimu, hilo ni somo jingine.

Akacheka, akasema binti ameingia. Basi. Umeona sasa nani alitoa kauli ya mwisho?

Ila kuna kipande nimekiruka, na kwa kuwa umekaa mpaka hapa nitakupa. Mdogo wangu hakuomba ushauri wa mtu. Asubuhi, akifunga kamba za viatu, aliniambia: zote tatu, kaka, na uende mapema. Mimi ndiye niliyelipeleka jambo lake benchini, nikalichelewesha makusudi, nikingoja mlango ule ufungwe ili nirudi nyumbani na pole nyingi. Pale nyumbani anayeulizwa ni mimi. Kwa nini taa inafifia jirani akiwasha pasi? Nilimwambia umeme una adabu, unampisha mgeni. Kwa nini msumari unashika kutu? Mawazo. Nilijua akiingia maabara, mimi nitabaki pampu na beseni.

Na mwalimu hakuishia pale. Akasema:

— Nilimuuliza kwa nini anazitaka zote. Akaniambia nyumbani ana kaka anayemjibu kila kitu, na kila jibu akilijaribu linakataa, kwa hiyo anataka kujua linakatalia wapi. Ni wewe?

— Hapana, mwalimu, nikasema. Huyo ni kaka yetu mkubwa.

Hatuna kaka mkubwa.