Vijiti Vinne vya Mwalimu Mwambire Sanga

Ndugu waombolezaji, wasifu huu mlio nao mkononi ni wa pili. Wa kwanza niliuandika mimi, Mwaro Gona, mtoto wa mdogo wa marehemu, na ndani yake nilisema kwamba baba mkubwa alihamia Shella, Malindi, ili awe karibu na hospitali. Dada yangu Everlyne, mtoto wake wa pekee, aliusoma mpaka mwisho, akaukunja, akanirudishia mbele ya wazee. Akasema, "Mkitaka kumzika baba na maneno haya, mimi namchukua nikamzike Malindi, kwenye makaburi ya mji. Hapa nyumbani atazikwa na ukweli, au hatazikwa." Basi nimeandika upya. Mniwie radhi nikisoma polepole, kwa sababu aibu iliyomo humu ni yetu wengi tulioketi hapa.

Marehemu Mwalimu Elijah Mwambire Sanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Gongoni, kifungua mimba wa Mzee Sanga na Mama Kadzo. Baada yake alizaliwa Gona, ambaye ni baba yangu. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba Mwambire alimbeba mdogo wake mgongoni kila waendapo, hata Gona alipokuwa mkubwa na miguu yake inaburura chini. Watu wakicheka, Mwambire alijibu kwamba njia ina miiba na mtoto hana viatu. Yeye mwenyewe hakuwa na viatu.

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya misheni, akaendelea na sekondari mjini Malindi hadi 1969. Wakati wa likizo alipalilia bustani ya Mwitaliano mmoja mzee karibu na ufuo, na huyo ndiye aliyemsimulia habari za Kaisari Dioklesiano wa Rumi, mfalme aliyeacha ufalme akaenda kulima kabichi. Kijana aliicheka hadithi ile wiki nzima. Kisha ikamwingia, isimtoke tena.

Alihitimu ualimu Shanzu na kuanza kufundisha mwaka 1973. Alifundisha historia katika shule za msingi za eneo letu mpaka alipostaafu mwaka 2004. Mtaala haukuwa na Rumi ndani yake, lakini kipindi cha mwisho cha Ijumaa kilikuwa cha Dioklesiano, na hata mkaguzi alipokuja, Mwalimu alimvutia kiti akae asikilize. Tulitoka nje, nyuma ya darasa. Alikuwa na vijiti vinne vya mkoko, viwili vya urefu wa kiuno na viwili vifupi zaidi, alivyovichonga mwenyewe. Cha kwanza kilikuwa Dioklesiano. Alitueleza jinsi mtoto huyu wa watu duni kutoka pwani ya Dalmatia alivyoingia jeshini, akapanda cheo kwa cheo, akawa jemadari wa walinzi wa Kaisari. Kaisari alipokufa njiani na askari wakampa yeye ufalme, mwaka 284, alichomoa upanga na kumuua kwa mkono wake, mbele ya jeshi zima, mkuu mmoja aliyedaiwa kumuua Kaisari. Hapo Mwalimu aliudunga ukuta wa darasa kwa rula na wasichana walipiga kelele kila mwaka.

Halafu alisimika kijiti cha pili, Maksimiano, kwa sababu Dioklesiano aliona dola ni pana mno kwa mtu mmoja. Baadaye viliongezwa viwili vidogo, Galerio na Konstantio, wakawa watawala wanne, kila mmoja na upande wake. Alitusimulia pia jinsi Kaisari alivyopanga bei ya kila kitu sokoni, na wachuuzi wakaficha bidhaa, na alitutuma tumuulize mwenye duka aliyeficha sukari kama anamfahamu Kaisari huyo.

Wapo waliomlaumu kwa kumsifu mtu aliyewatesa Wakristo. Hakumsifu. Ijumaa ya mateso hakufanya mzaha. Alisema waganga wa Kaisari walichinja wanyama, wakashindwa kusoma matumbo, wakasingizia kwamba Wakristo waliokuwepo ndio waliozifukuza ishara. Na mtu yule mwenye akili, aliyeupanga upya ufalme mzima, akawasikiza. Makanisa yakabomolewa, watu wakauawa. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Woga ukimpata mwenye nguvu, humtafuta mnyonge wa kumlaumu. Andikeni hilo." Tuliliandika. Mimi nililiandika darasa la sita.

Mwisho wa hadithi ulikuwa tarehe moja Mei, mwaka 305. Dioklesiano, akiwa mgonjwa, alisimama mbele ya jeshi na kuvua joho la ufalme, na siku hiyo hiyo Maksimiano naye akavua lake. Mwalimu aliving'oa vijiti viwili vikubwa na kuvilaza chini kwa adabu, akatutania kwamba ndiyo maana Mei Mosi sisi hatuendi kazini. Miaka kadhaa baadaye walimfuata wakamsihi arudi kutawala. Akawaambia kwamba lau wangeziona kabichi alizozipanda kwa mikono yake, wasingemwomba jambo kama hilo.

Mwaka 1976 Mwalimu alifunga ndoa kanisani na Bi Kanze, na wakajaliwa Everlyne. Bi Kanze alipenda kusema kwamba ameolewa na wanaume wawili, Mwambire na Mrumi wake, na kwamba Mrumi ndiye asiyeomba chai. Mume alipostaafu na kuanza kupanda kabichi kwenye ardhi yetu hii ya chumvi, zilikataa kufunga, zikabaki na majani wazi kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Bi Kanze alizipika vivyo hivyo, akazisifu. Alitangulia mbele ya haki mwaka 2011, na Mwalimu akabaki peke yake na bustani.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa kwanza uliruka.

Likizo ya Agosti mwaka 2019, Mwalimu aliwakusanya watoto wa jirani bustanini kwake na kuwafundisha kama alivyotufundisha sisi. Alivisimika vijiti vinne katikati ya kabichi. Sisi Wagiriama tunajua kijiti kilichosimikwa ni nini. Mzee wa heshima akifa huchongewa kigango, na mtu wa kawaida husimikiwa kijiti cha koma, ili roho yake ipate pa kukaa. Hakuna anayemsimikia mtu aliye hai. Watu walipita, wakaviona, wakahesabu. Vijiti vinne. Na baba yangu Gona ana wana wanne.

Jumatano moja watoto walifika kwenye Mei Mosi ya Dioklesiano, na Mwalimu akavilaza vijiti viwili. Ijumaa, ndugu yangu mkubwa Mangi alikuwa akirudi na pikipiki yake kutoka kazini kwenye mashamba ya chumvi. Ikateleza kwenye mchanga barabarani, naye akafariki pale pale.

Baba alikwenda kwa mganga kabla hatujamzika Mangi. Aliporudi, aliuliza swali moja tu: "Vijiti viwili vimelala. Mmoja ameshakufa. Wa pili ni nani?" Wote wakanitazama mimi, maana mimi ndiye wa pili kuzaliwa. Mama alinishika mkono kama ninataka kukimbia.

Jumatatu mchana watu walikwenda bustanini. Hawakuwa wageni. Wengi walikuwa wanafunzi wake, na kila mmoja wao alikuwa amewahi kuketi mbele ya vijiti vile vile akiwa na kalamu mkononi. Tulijua. Yeyote kati yetu angeweza kufumbua mdomo na kusema kwamba huyu ni Maksimiano, huyu ni Galerio, ni hadithi ya Ijumaa. Hakuna aliyesema. Mimi nilijua kuliko wengi, lakini nilikuwa nimeshaanza kuogopa kufa, na mwenye hofu hukubali lolote. Baba aliving'oa vijiti vyote. Jiwe lilirushwa likampata Mwalimu begani. Yeye akaanza kuwataja waliokuwepo kwa majina yao, kila mtu na darasa alilomfundisha, bila kupandisha sauti. Watu waliinamisha macho, lakini hawakuondoka. Aliambiwa jua lisizame akiwa hapa. Aliondoka na mfuko mmoja na jembe. Alipompita baba, alisimama kidogo, akamwambia, "Pole kwa Mangi, ndugu yangu. Sijapata nafasi ya kukupa pole."

Aliyempokea hakuwa ndugu yetu wa damu wala wa kanisa. Ni Mwalimu Jaafar wa Shella, mwalimu wa Kiswahili aliyefundisha naye, na ambaye leo amekaa pale mbele na aila yake. Alimpa chumba na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Watu wa Shella walipomuuliza kama haogopi kuishi na mtu aliyetuhumiwa uchawi, Mwalimu Jaafar aliwajibu kwamba miaka yote aliyomjua, Mwambire ameshindwa hata kuiroga kabichi ifunge.

Huku nyumbani nilivishwa hirizi, nikakatazwa pikipiki, nikawa nikilala mama ananisikiliza nikipumua. Sikufa. Mwaka ukaisha, sikufa. Nikaoa, nikapata mtoto, na kila asubuhi niliyoamka mzima ilikuwa inatusuta. Hakuna aliyethubutu kulitaja hilo mezani. Nyumba nzima ilikuwa inamtazama mtu anayekula ugali wake, na mtu huyo ndiye ushahidi kwamba tulimwonea mzee.

Mwezi wa Julai 2022 baba aliniambia tufuatane Shella. Mwalimu Jaafar alitupokea kwa upole ambao ulitufedhehesha zaidi kuliko matusi, akasema, "Karibuni. Ndugu yenu yuko nyuma, kwenye ufalme wake." Tulimkuta ameinama na ndoo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza jina la mtoto wangu. Baba alipiga magoti kwenye udongo mbichi, mtu mzima mwenye mvi, akamwomba arudi nyumbani. Mwalimu akapangusa mikono. Mbele yake zilikuwa kabichi zilizofunga, ngumu, nzito, mstari baada ya mstari.

"Gona," akasema, "ziangalie hizi nilizozipanda kwa mikono yangu. Sasa niombe tena."

Baba hakuweza kuomba tena. Maneno yale aliyajua. Sote tuliyajua. Mwalimu alimwinua, akakata kabichi moja kubwa, akampa. Baba aliipakata mpaka Gongoni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuipika.

Mwaka jana Mwalimu aligunduliwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa Malindi. Everlyne alikuwa akija kutoka Mtwapa kila wikendi, na jamaa ya Mwalimu Jaafar walimwosha na kumlisha kama mzee wao. Sisi tulikwenda kumwona, tukakaa kwenye ncha ya viti. Siku moja nilimuuliza kama ametusamehe. Alisema baba yangu hakuwa mwovu, alikuwa mtu aliyefiwa na akaogopa, na kwamba Dioklesiano naye alizeeka kwenye bustani yake akiyaona aliyoyafanya yakimrudia. Kisha akaniagiza: "Nikifa nirudisheni Gongoni, kando ya Kanze. Kuishi na watu wenye woga ni kazi, Mwaro. Kulala karibu nao si kazi." Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Everlyne.

Ameacha binti, Everlyne, na wajukuu wawili. Ameacha mdogo wake, Gona Sanga. Ameacha watoto wa ndugu yake, Thoya, Iha, na mimi Mwaro niliyesemwa kuwa nitakufa. Ameacha rafiki, Mwalimu Jaafar, na jamaa zake wote wa Shella. Ameacha wanafunzi, na nyinyi mnajijua.

Neno la mwisho ni la baba. Siku ile alivichoma vijiti vitatu. Cha nne kilikuwa mti mzuri, akaona hasara kukichoma, akakifanya kigingi cha kufungia mbuzi, na mbuzi amefungwa hapo miaka yote hii. Jana alikichomoa na kukiosha kisimani mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Tukishamaliza sala na msalaba ukishakaa, atakisimika kichwani pa kaburi. Kijiti tulichokiita koma Mwalimu akiwa hai, leo ndicho koma yake. Baba ameshindwa kulisema mwenyewe, ameniomba nimsomee hili tu: "Huyu ni kaka yangu aliyenibeba mgongoni, na hakuwa mchawi."

Kila aliyewahi kuketi mbele ya vijiti vile, na siku ile akanyamaza, namwomba asimame sasa, tumsindikize Mwalimu. Mimi nimeshasimama.

Mwalimu Mwambire, lala hapa kwa amani ambayo sisi tulikunyima.