Kijinchi Kisicho na Kiraka

Benchi la pale kona lina miguu mitatu ya mbao, na wa nne ni debe lililojazwa mchanga. Ukikaa upande wa debe unajifunza kucheka bila kutikisika. Nyuma yake ni ukuta wa duka la misumari na rangi, mbele yake barabara. Soli, fundi viatu, hukaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, na chuma chake chenye umbo la unyayo kikiwa katikati ya magoti. Jirani yake ni Antena, fundi redio, ambaye tangu asikie kwamba Soli huenda akahama amekuwa akisogeza meza yake kuelekea kivuli cha Soli, shubiri moja kila asubuhi, akidhani watu ni vipofu. Leo ilikuwa asubuhi ya sita. Benchini anatawala Waziri, mzee aliyestaafu utarishi wizarani, na jina hilo hajawahi kulikataa. Birika ni la Mama Birika, anayemimina kahawa bila kuulizwa na kukata maneno ya watu bila kuombwa.

Soli hakulala vizuri. Mdogo wake wa kike, anayefua mashuka kwenye nyumba ya wageni huko kisiwani, katika kijinchi ambacho ramani imelazimika kukiandikia jina baharini, baada ya kumbembeleza wiki nzima ahamie huko, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti. Jibu lilitakiwa kabla ya saa sita mchana. Mke wa Soli alishamaliza neno lake: "Ukienda nitafunga mizigo, ukibaki nitaifungua. Ila usinifungishe na kunifungulisha." Basi mzigo wote ukabaki juu ya kichwa cha Soli, na kichwa chenyewe akakileta kijiweni, kosa ambalo mtu na akili zake hulifanya mara moja tu. Soli alikuwa akilifanya kwa mwaka wa kumi na nne.

Hata hajafungua boksi, akaja dada mmoja mgeni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, gidamu imekatika.

— Fundi, nina mkutano wa wazazi saa tano. Utaniwahisha?

— Kaa hapo dada, ni sasa hivi, akasema Soli, akavika kiatu kwenye chuma na kutunga uzi.

Dada akakaa upande wa debe, mguu mtupu juu ya kipande cha boksi. Masikini hakujua kwamba "sasa hivi" ya kijiweni ina tumbo kubwa.

— Tuusikie huo ujumbe, akasema Antena, na kabla Soli hajakataa, simu ikawa imeshachomekwa kwenye spika aliyokuwa akiitengeneza. Mtaa mzima ukapata habari.

"Kaka, shikamoo. Bosi wangu anapeleka karatasi za mwaliko leo saa sita. Sema ndiyo tu! Njoo na boksi lako la kazi, uje ukae mahali maisha yamenyooka. Umeme haukatiki. Nchi yenyewe unaimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa tumboni. Na huku hatuhangaiki na vitu vibovu, kaka. Kitu kikiharibika unatupa, meli inaleta kipya. Nasubiri."

— Unatupa! akasema Antena, mkono kifuani.

— Meli inaleta! akaitikia Waziri.

— Unatupa, meli inaleta! Jamani, watu wanaishi!

Soli akacheka nao.

— Sasa nisikilizeni, akasema Waziri, akirekebisha miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja. — Uchumi naujua. Nimebeba mafaili ya uchumi miaka ishirini na tisa. Ya nchi kubwa yalikuwa mazito, yalinipinda bega hili la kulia. Siku moja likaja faili la kijinchi kama hicho. Jepesi! Kurasa mbili na pini. Nikasema, hawa hawana matatizo.

— Au hawana karatasi, akasema Mama Birika.

— Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Nchi kubwa ni gogo. Ukilibandua, kila mtu anapata kibanzi chake, anatajirika.

— Mzee, bandu bandu ni onyo hilo, akasema Mama Birika.

— Ni onyo kwa gogo. Kwa kibanzi ni habari njema.

Hapo ndipo kijiwe kilipopata moto. Antena akasema nchi ndogo haina foleni, kwa sababu ukiingiza gia ya tatu umeshavuka mpaka, na kila gari linahitaji gia mbili tu, kwa hiyo magari ni ya bei nafuu. Waziri akasema mvua ya huko ikinyesha inanyesha kwa wote, hakuna habari ya upande wa kusini wamejaliwa na sisi tumesahauliwa. Antena akaongeza kwamba mwizi wa huko hana pa kukimbilia. Akikimbia sana anajikuta amerudi palepale alipoiba, anaona haya, anarudisha.

— Na rais wao anakujua kwa jina! akadakia Waziri. Ukipiga chafya anafungua dirisha anakuombea afya.

— Na mama mkwe je? akauliza Mama Birika.

— Mama mkwe amefanya nini?

— Nchi kubwa mama mkwe yuko safari ya siku mbili. Huko yuko dirisha la pili, baada ya rais.

Waziri akavua miwani kwa heshima ya hatari hiyo.

— Nchi kubwa ina faida zake, akakiri Antena. — Mtu anaweza kupotea kwa amani.

— Maneno matupu hayavunji mfupa, akasema Waziri, ambaye methali zote kwake ni viatu vya mtumba, akipata kinachoingia anavaa. — Tufanye majaribio.

Akaokota kipande cha mkaa kutoka jikoni kwa Mama Birika, akachora mstari kulizunguka benchi, kigoda cha Soli, na meza ya Antena, yaani ile nusu iliyokwisha kuhamia.

— Humu ndani ni kijinchi. Huko nje ni nchi kubwa. Mimi rais.

— Mimi jeshi, akasema Antena. — Na bendi ya jeshi.

— Soli ni viwanda. Dada, wewe ni mgeni. Umeingia nchini kwa shughuli gani?

— Kiatu, akasema dada, akitazama jua.

— Karibu. Utalii ni uti wa mgongo wetu.

— Na mimi? akauliza Mama Birika, aliyekuwa amesimama nje ya mstari na birika lake.

— Wewe ni ng'ambo. Unatuletea kahawa kwa meli. Lakini kwanza tukague mzigo, ufungue mfuniko, jeshi linuse.

Mama Birika akalitazama jeshi. Jeshi likatazama chini.

— Ng'ambo imefunga bandari, akasema, akageuka na kwenda kumimina kahawa kwa wabeba saruji waliokuwa wakipakua lori mbele ya duka.

Ilikuwa dharura ya kitaifa. Kijinchi kilikaa bila kahawa muda wa kuhesabu hadi ishirini, rais akipiga miayo, jeshi likilalamika kichwa kinauma. Hatimaye rais mwenyewe akavuka mpaka, vikombe mkononi, akaomba radhi kwa niaba ya wananchi, na aliporudi akaufuta mstari kwa ndala zake, kipande kirefu.

— Tumeungana na nchi kubwa kwa muda, akatangaza, akipuliza kahawa. — Mpaka birika liishe.

Soli alicheka hadi machozi, sindano ikamtoboa kidole. Akanyonya damu, akawatazama. Alijua nyayo za mtaa huu kuliko nyuso zake. Waziri alikula kisigino cha kiatu cha kulia kwa sababu ya lile bega la mafaili. Mama Birika alikula vidole vya mbele, kwa kuinama kumimina. Antena alivaa viatu vilivyotulia kama jiwe, maana hatembei popote, anasogeza meza tu. Huko kisiwani angeanza na nyayo za nani? Akaogopa, na akaona aibu kuogopa, mtu mzima mwenye watoto wawili, kwa ajili ya benchi lenye mguu wa debe.

— Saa nne na nusu hii, akasema kwa sauti. — Niambieni basi. Niende au nisiende?

— Nenda! akasema Antena upesi mno, kiwiko kikiwa tayari kivulini.

— Nenda, akasema Waziri. — Na sababu ninayo, wala hamtaipinga. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Kisiwa kinaelea au hakielei?

— Kinaelea.

— Basi kimeundwa! Kimeundwa na nani? Na fundi! Nchi nzima imeundwa na fundi, unadhani fundi akishuka melini watampokeaje? Kwa bendi!

— Kwa bendi ya jeshi, akasisitiza Antena.

— Watamjengea sanamu, ameshika nyundo!

— Sanamu itajaza nchi nzima, akasema Mama Birika, naye akashindwa kujizuia, akacheka hadi akaweka birika chini. Debe likatikisika, benchi likainama, rais akamwagikiwa na kahawa ya mwisho kwenye goti, na hakuna aliyemhurumia.

Dada wa kiatu alisubiri vicheko vipungue.

— Samahani wakubwa zangu. Huko kisiwani, si mmesema kitu kikiharibika kinatupwa?

— Kinatupwa! wakajibu wote kwa fahari.

— Hata kiatu?

— Hata kabati!

— Sasa huyu fundi anakwenda kushona nini?

Lori la saruji likawasha injini, likaondoka. Antena alitazama redio iliyokuwa mapajani mwake, iliyofungwa raba bendi mbili na yenye umri wa kumzidi yeye. Waziri aligusa uzi wa miwani yake. Mama Birika akalitikisa birika, likatoa mlio wa machicha.

— Imekwisha, akasema, na haikujulikana anasema kahawa au hoja.

Soli alichukua simu, akaichomoa kwenye spika, akabonyeza.

— Mdogo wangu, marahaba. Huko kiatu kikikatika mnampelekea nani?

Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akashona. Sindano ikaingia, ikatoka, nta ikanukia. Alikuwa akikata uzi kwa meno jibu lilipokuja, na simu yake haijui kunong'ona.

"Kaka wewe!" Kikaja kicheko kirefu, kikaishia njiani. "Hilo sikuliwaza hata. Hapa hakuna anayeshona. Hata sindano yako ile kubwa sijaiona duka lolote. Ila..." Mlango ukafungwa huko. "Vile viatu vyekundu ulivyonishonea siku naondoka, kimoja kilikatika gidamu mwaka juzi. Nimevipeleka kwenye pipa mara mbili. Mara mbili nimerudi navyo. Viko chini ya kitanda. Unakuja au huji? Bosi ameshika kalamu."

Soli akamalizia kukata uzi. Alimkabidhi dada kiatu chake kwanza, maana kazi ni kazi, ndipo akabonyeza.

— Mwambie bosi wako ahsante sana, aweke kalamu chini. Na wewe usivitupe. Ukija likizo, njoo navyo.

Dada alivaa, akakanyaga mara mbili kujaribu, akawaaga na kukimbilia mkutano wake.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, akasema Waziri, akipangusa goti.

— Ulisema kingine, mzee, akasema Mama Birika.

Antena akaweka redio chini. Akainuka, akashika meza yake ncha mbili, akaanza kuirudisha juani, miguu ikikwaruza sakafu, shubiri baada ya shubiri. Alipofika ya tano akasimama, akapangusa jasho, akakaa.

— Bado moja, akasema Soli, bila kuinua kichwa.